Injekta ya Tano: Mwongozo wa Kupima na Kutafuta Injekta ya Baridi ya Gari la Zamani Hapa Zanzibar

Ukifungua boneti ya gari la zamani la petroli lenye mfumo wa injekta, mathalani Mercedes 230E, Golf GTI za mwanzo, Volvo 240 au Toyota yenye injini ya 22R-E, utahesabu silinda nne, lakini ukifuatilia mabomba ya mafuta kwa makini utakuta injekta tano. Nne zimekaa kila moja karibu na silinda yake. Ya tano imefungwa peke yake kwa skrubu mbili kwenye manifoldi ya hewa, mbali kidogo na nyingine, ikiwa na waya wake na bomba lake la petroli. Hiyo ndiyo injekta ya baridi, yaani ile inayomwaga petroli ya nyongeza pale injini inapowashwa ikiwa bado haijapata moto.

Nimeona wenzangu kadhaa, Unguja na Pemba, wakiingia gharama ya kuagiza kifaa hiki kutoka ng'ambo ilhali hawakihitaji, na wengine wakikiacha kinavuja miezi na miezi huku lawama zote zikiangukia pampu. Katika visiwa vyetu, ambako hata alfajiri ya kipupwe joto haliteremki sana chini ya nyuzi 20 za Selsiasi, injekta ya baridi husumbua zaidi kwa kuvuja kuliko kwa kukosa kumwaga. Kwa hiyo nimeanza na upimaji kabla ya ununuzi, na ningependa msomaji afuate mpangilio huo huo hata kama tayari ana fedha mkononi.

Kazi ya kifaa hiki

Petroli haiungui ikiwa majimaji; inaungua ikiwa mvuke uliochanganyika na hewa, kwa kiasi cha takriban gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu moja ya petroli. Injini ikiwa baridi, sehemu kubwa ya petroli inayopulizwa hunata kwenye kuta za manifoldi na za silinda, na mvuke unaobaki hautoshi kushika moto. Ndiyo maana kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilipotoa mfumo wake wa injekta uitwao D-Jetronic mwaka 1967, kisha K-Jetronic na L-Jetronic katika miaka ya 1970, injini nyingi zilizotumia mifumo hiyo zilipewa injekta ya ziada ya kuzidisha petroli kwa sekunde chache za mwanzo. Toyota walifuata njia hiyo hiyo kwa vifaa vya Nippondenso, kampuni ambayo tangu 1996 inaitwa Denso. Baadaye kompyuta za injini zilipata uwezo wa kuziacha injekta za kawaida wazi kwa muda mrefu zaidi wakati wa baridi, na injekta ya tano ikaondolewa katika magari mapya. Kwa sababu hiyo duka lililojaa vipuri vya magari ya leo haliwezi kukusaidia sana.

Injekta hiyo haijiamulii yenyewe. Katika magari mengi ya aina hii umeme wake hutoka upande wa stata, kwa hiyo haiwezi kufunguka ila wakati stata inazunguka. Upande wa pili wa waya wake huenda kwenye kifaa kingine kidogo cha shaba kilichofungwa mahali panapopita maji ya rejeta, ambacho katika mwongozo huu nitakiita swichi ya joto na muda. Ndani yake mna kibamba cha metali mbili kinachopinda kwa joto, na kimezungushiwa waya wa kukipasha moto. Injini ikiwa baridi, kibamba kinagusa na injekta inapata umeme. Injini ikiwa na moto, au stata ikizungushwa kwa muda, kibamba kinapinda na kukata. Swichi nyingi zimechorwa maandishi kama «35°C 8s». Nyuzi 35 ndiyo kikomo ambacho juu yake swichi haigusi kabisa, na sekunde 8 ndio muda mrefu zaidi wa kumwaga, unaopatikana katika baridi kali ya kiasi cha nyuzi 20 chini ya sifuri. Muda huo hupungua kadiri joto linavyopanda, na kwa injini iliyolala usiku Unguja ikiwa na nyuzi 25 hivi, kinachobaki ni sekunde moja au mbili tu. Mengine yote katika mwongozo huu yanasimama juu ya hesabu hiyo.

Hatua ya kwanza: jua gari linagoma wakati gani

Chukua daftari, na kwa muda wa wiki moja andika kila mara gari linapochelewa kuwaka: ni saa ngapi, lilikuwa limezimwa kwa muda gani, stata ilizunguka sekunde ngapi, na kama kulikuwa na harufu ya petroli au moshi mweusi. Kazi hii inaonekana ya kitoto, lakini imewahi kuniokoa zaidi ya kifaa chochote cha kupimia.

Gari likigoma asubuhi peke yake, baada ya kulala usiku kucha, usiikimbilie injekta ya baridi. Kwa hali ya hewa yetu uwezekano mkubwa ni kwamba presha ya petroli imeshuka usiku, kwa sababu vali ndogo ya kuzuia petroli isirudi nyuma pale kwenye pampu imechoka, au kwa sababu kihifadhi presha cha K-Jetronic kimepasuka utando wake wa ndani. Fungua swichi ya gari bila kupiga stata, au kwa magari ambayo pampu haizunguki mpaka stata ifanye kazi, piga stata mara mbili tatu fupi fupi. Ikiwa mara ya tatu gari linawaka bila tabu, presha ndiyo iliyokuwa imepotea.

Likigoma mchana, dakika 20 hadi 40 baada ya kuzimwa likiwa na moto, na likiwaka linatikisika na kutoa moshi mweusi wenye harufu kali, hapo injekta ya baridi inaingia katika orodha ya watuhumiwa. Gari la shemeji yangu, Mercedes ya 1983, lilikuwa na tabia hiyo. Ijumaa alilizima nje ya msikiti saa sita na nusu, na alipotoka saa saba na robo lilizunguka mpaka betri ikaanza kulegea. Fundi aliyeitwa alisema pampu imekufa na akataka fedha ya kununua nyingine. Jioni yake tuliifungua injekta ya baridi tukaishika juu ya bilauri, waya wake ukiwa umechomolewa, na kila baada ya sekunde kumi hivi tone moja lilikuwa likijikusanya kwenye mdomo wake, linanenepa, linaanguka. Matone hayo, kwa robo tatu ya saa, yalikuwa yakiingia kwenye manifoldi yenye moto, na injini ilikuwa ikikabwa na petroli yake yenyewe. Pampu ile ile bado iko kwenye gari hadi leo.

Ipo pia hali ya tatu: gari linawaka vizuri wakati wote, lakini linakunywa mafuta kupita kiasi na mwendo wake wa polepole ni wa kusitasita. Kumbuka kwamba umeme wa injekta hii hutoka kwenye stata. Swichi mbovu iliyoganda katika hali ya kugusa inaweza kuzidisha petroli wakati wa kuwasha tu, haiwezi kumaliza tenki barabarani. Gari likinywa mafuta likiwa linatembea, tafuta uvujaji wa injekta yenyewe, au kosa katika sehemu nyingine kabisa kama vile rigoleta, yaani kidhibiti cha presha ya petroli.

Hatua ya pili: yaliyo mepesi kwanza

Kabla ya kufungua chochote, hakikisha betri ina nguvu, plagi ni safi na chujio la petroli halijaziba. Kisha chomoa soketi ya waya wa injekta ya baridi na ya swichi yake, uziangalie ndani. Hewa ya chumvi ya Forodhani, Mkoani au Nungwi haichagui gari la mtu, na mara nyingi nimekuta pini za shaba zimegeuka kijani na kuwa unga. Zisugue kwa msasa laini mno, zipulizie dawa ya kusafishia umeme, uzirudishe, kisha ujaribu gari kwa siku mbili. Sehemu isiyopungua robo ya kesi nilizozishughulikia kwa mikono yangu iliishia hapa, bila kununua hata washa moja.

Hatua ya tatu: pima injekta yenyewe

Hapa unashughulika na petroli yenye presha, kiasi cha bari 5 katika K-Jetronic na kati ya bari 2.5 na 3 katika L-Jetronic na Toyota nyingi, kwa hiyo usalama unakuja mbele ya ufundi. Fanya kazi mahali penye upepo, mbali na jiko, sigara na jua la moja kwa moja, injini ikiwa imepoa. Weka mtungi wa kuzimia moto mkononi mwa mtu, sio ndani ya buti. Chomoa waya mkubwa wa katikati wa distribyuta na uufunge imara kwenye chuma cha injini, ili cheche isirukie mvuke wa petroli. Usiuache ukining'inia, kwa sababu hatari ya cheche itakuwa palepale, na moduli ya umeme ya magari kama haya inaweza kuungua.

Fungua skrubu mbili zinazoishika injekta, ambazo katika Bosch nyingi huhitaji spana ya L ya milimita 5. Acha bomba la petroli likiwa limefungwa, uitoe injekta taratibu mpaka mdomo wake uelekee kwenye bilauri au chupa ya kioo yenye mdomo mpana. Plastiki haifai, kwani huwezi kuona vizuri na nyingine huyeyuka. Tundu lililobaki kwenye manifoldi lizibe kwa utepe.

Anza na kipimo cha kuvuja. Soketi ya umeme ikiwa imechomolewa, mwombe msaidizi apige stata kwa sekunde chache ili presha ipande, kisha aache. Futa mdomo wa injekta kwa kitambaa safi mpaka ukauke, tazama saa, na usubiri dakika moja nzima bila kuondoa macho. Injekta nzima haitoi tone hata moja ndani ya dakika hiyo. Unyevunyevu mwembamba unaong'aa bila kujikusanya huweza kuvumiliwa katika kifaa cha miaka 40, lakini tone linaloanguka ni hukumu.

Fuata na kipimo cha kumwaga. Rudisha soketi ya injekta, chomoa ile ya swichi ya joto na muda, na kwa kipande cha waya unganisha ule waya wa injekta, ambao katika Bosch huingia kwenye pini iliyoandikwa W, na chuma cha injini. Kwa njia hiyo unaiondoa swichi katika hesabu na unaipima injekta peke yake. Msaidizi akipiga stata kwa sekunde mbili, petroli inapaswa kutoka ikiwa imetawanyika kama ukungu wenye umbo la pia. Ikitoka kama mkojo wa mtoto, mstari mmoja uliopinda upande, mdomo umeziba. Isipotoka kitu, pima kwa mita kama umeme unafika kwenye soketi wakati wa stata; na kwa Toyota pima pia ukinzani wa injekta, ambao kwa 22R-E huwa kati ya omu 2 na 4.

Injekta iliyoziba au inayovuja kidogo si lazima itupwe. Ndani ya mlango wake wa petroli mna kichujio kidogo cha wavu, na mara nyingi uchafu wa tenki lenye kutu hujazana pale, au chembe moja hukaa kwenye kiti cha vali na kuiachia wazi. Iondoe kabisa garini, ijaze dawa ya kusafishia kabureta, iache ilowe usiku mmoja, kisha iguse kwa nyaya za betri ya volti 12 kwa mipigo mifupi huku ukipuliza dawa kutoka upande wa petroli. Fanya hivyo mbali na mvuke uliokusanyika na ukiwa umevaa miwani. Injekta ya Mercedes ya shemeji ilipona kwa njia hiyo, baada ya siku mbili za kulowekwa.

Hatua ya nne: pima swichi kwa barafu

Swichi ya joto na muda ni rahisi kuipima, ila hapa kwetu kuna mtego. Mtu huipima saa nane mchana, injini ikiwa imesimama juani na boneti ikiwa imefika nyuzi 40, anaona haigusi, anaihukumu kuwa imekufa. Wala haijafa. Inafanya kazi yake.

Iondoe injini ikiwa baridi, ukiwa umetanguliza beseni chini, kwa sababu maji ya rejeta yatamwagika. Nunua barafu ya kutosha, iponde, ijaze kwenye sufuria pamoja na maji kidogo, uitumbukize swichi upande wa nyuzi zake tu, pini zikibaki kavu juu. Baada ya dakika kumi, pima kwa mita kati ya pini ya W na mwili wa shaba. Lazima zigusane. Kisha unganisha pini ya G na chanya ya betri, na mwili wa swichi na hasi, uhesabu sekunde mpaka mgusano ukatike. Kwenye barafu utapata sekunde kadhaa, chache kuliko zile zilizochorwa. Isipokatika kabisa, hiyo swichi ndiyo inayoizamisha injini yako. Mwisho itumbukize kwenye maji ya moto ya nyuzi 50: hapo isiguse kamwe. Katika Toyota pini huandikwa STA na STJ badala ya G na W, na zipo swichi zenye kikomo cha chini kuliko nyuzi 35. Yenye kikomo cha nyuzi 15 haitagusa Zanzibar mwaka mzima, na hilo si kosa lake.

Baadhi ya magari ya mfumo wa KE-Jetronic, yaani K-Jetronic iliyoongezewa kompyuta, hayana swichi hii kabisa. Kazi yake hufanywa na relei ya pampu au na kompyuta. Usitafute kisichokuwepo ukapoteza siku.

Hatua ya tano: amua kama unakihitaji kweli

Maoni yangu ni haya, na nayatoa baada ya kuishi na magari haya kwa muda mrefu. Gari linalokaa Unguja au Pemba, injini yake ikiwa nzima na presha ya petroli ikiwa sahihi, linaweza kuwaka bila injekta ya baridi kwa kuzungusha stata sekunde moja au mbili zaidi. Injekta isiyovuja lakini isiyomwaga unaweza kuiacha mahali pake huku ukiendelea kutafuta nyingine bila pupa. Inayovuja usiiache hata siku moja, kwa kuwa petroli hiyo huosha mafuta kwenye kuta za silinda na kuteremka hadi kwenye oili. Itoe, ziba tundu la manifoldi kwa kibamba cha alumini cha milimita 3 chenye gasketi, na bomba la petroli lifungwe na fundi kwa kizibo cha nyuzi kinacholingana nalo. Bolti iliyopachikwa kwenye mpira na kukazwa kwa waya ni moto unaosubiri siku yake.

Gari likiwa la kupelekwa Nairobi, Njombe au Makete, ambako asubuhi za Juni na Julai zina baridi ya kweli, kifaa hiki kinahitajika. Vivyo hivyo kwa mwenye kutaka gari lake libaki kama lilivyotoka kiwandani, sababu ambayo naiheshimu kikamilifu.

Hatua ya sita: soma namba iliyo kwenye kifaa, usitegemee jina la gari

Ukimwambia muuzaji «nataka injekta ya baridi ya Mercedes 280E» umempa ruhusa ya kukuletea chochote. Safisha kifaa chako kwa brashi na petroli, kiweke kwenye karatasi nyeupe, ukipige picha upande wa namba, upande wa soketi na upande wa bomba. Injekta za baridi za Bosch huanza na 0 280 170, swichi za joto na muda huanza na 0 280 130, na vali ya hewa ya ziada, ambayo huchanganywa nazo mara kwa mara, huanza na 0 280 140. Tarakimu tatu za mwisho ndizo zinazotenganisha gari moja na jingine, kwani kiasi cha petroli na umbo la ukungu hutofautiana. Angalia pia kwamba vitambulisho vya swichi vya 0 280 130 viko jirani na vya vihisi joto, kwa hiyo tarakimu moja ikikosewa utapokea kihisi.

Bomba nalo lina maana kubwa. Injekta za K-Jetronic hupokea petroli kwa bolti yenye tundu na washa mbili za shaba, wakati za L-Jetronic nyingi hupokea kwa mpira unaochomekwa. Hazibadilishani, hata kama skrubu mbili za manifoldi zinakaa sawasawa. Andika pia namba ya chesi na ya injini, kwa sababu magari mengi ya zamani yaliyopo visiwani yameshabadilishwa injini zaidi ya mara moja.

Hatua ya saba: kutafuta, kuanzia jirani

Anza na magari yaliyolala. Kila mtaa una gari la marehemu fulani lililofunikwa turubai chini ya mwembe, na warithi wake mara nyingi hufurahi likifaidisha mtu. Nenda kwa adabu, piga hodi, mweleze mwenye nyumba unachotaka na kwa nini, na ukubali akisema hapana. Mafundi wakongwe wa mjini, na wale wa Chake Chake na Wete, huwa na makopo ya vifaa walivyovitoa miaka 20 iliyopita. Mpelekee fundi picha na kifaa chenyewe, umwachie muda. Maduka ya vipuri ya Darajani na Mwanakwerekwe yatakufaa zaidi kwa washa za shaba, mipira ya petroli na vibanio kuliko kwa injekta yenyewe, kwani mali yao ni ya magari yanayotembea kwa wingi.

Ng'ambo ya bahari, Dar es Salaam, tafuta Gerezani na Kariakoo kwa vifaa vilivyotumika vya Toyota na Mercedes. Nairobi kuna Kirinyaga Road, ambako kwa Mercedes na Peugeot za miaka ya 1980 nimepata zaidi kuliko mahali pengine Afrika Mashariki. Mwenye jamaa Falme za Kiarabu amtume kwenye masoko ya vipuri vilivyotumika ya Sharjah, akiwa na picha na namba. Bila namba atakuletea mzigo wa chuma.

Kwa kifaa kipya au kilichofanyiwa upya, njia ni Ulaya na Japani. Mercedes-Benz wana kituo cha magari ya zamani huko Fellbach karibu na Stuttgart, Volkswagen wana kitengo chao cha vipuri vya zamani, na Bosch wenyewe wana idara ya vifaa vya magari ya kale. Vipuri hivi huuzwa kwa namba, na kifaa kisichokuwepo leo huweza kutengenezwa tena baada ya muda, kwa hiyo ulizia mara kwa mara. Kwa Toyota, vifaa vilivyotumika kutoka Japani hupatikana kupitia mawakala wale wale wanaotuletea magari; ukiwa na gari linalokuja, omba injekta iwekwe ndani yake.

Kabla ya kulipa kifaa kilichotumika, omba video ya kipimo cha dakika moja nilichokieleza. Muuzaji mwaminifu ataifanya. Mimi niliwahi kununua injekta iliyosemwa kuwa imepimwa, ikafika mdomo wake ukiwa umekwaruzwa kwa bisibisi na kutona zaidi ya ile ya zamani, na fedha haikurudi. Tangu hapo sinunui kwa neno tupu. Kwa kifaa kipya, linganisha maandishi: namba halisi imechorwa au kugongwa kwenye chuma, haikubandikwa kwa karatasi, na plastiki ya soketi haina kingo chakavu.

Usafirishaji uliofikiriwa huokoa wiki nyingi. Mwombe muuzaji aikaushe injekta kabisa, kwa sababu kifurushi chenye harufu ya petroli kinaweza kukataliwa kwenye ndege. Thamani iandikwe ya kweli, risiti iwe ndani na nje, na anwani iwe ya Zanzibar moja kwa moja ikiwezekana. Kikishukia Dar es Salaam, mpe mtu unayemwamini akipandishe boti pamoja na risiti yake. Walio Pemba wafanye hesabu ya siku za boti ya Mkoani au Wete kabla ya kumwahidi fundi. Na kwa kuwa nauli ya kifurushi kimoja ni ile ile, agiza kwa pamoja gasketi ya injekta, washa za shaba na swichi ikiwa ya kwako imeshindwa kipimo cha barafu.

Hatua ya nane: kuifunga

Safisha uso wa manifoldi mpaka ung'ae bila kuukwaruza, weka gasketi mpya, washa mpya za shaba pande zote mbili za bolti ya bomba, na skrubu zikazwe kwa zamu kidogo kidogo. Mpira wa petroli uliokakamaa ubadilishe kwa mpira maalumu wa injekta unaohimili presha, sio ule wa kabureta. Washa gari, pitisha mkono na karatasi kavu chini ya kila kiungo, kisha sikiliza kama kuna mluzi wa hewa pale kwenye gasketi.

Mwisho chomoa kijiti cha oili na uinuse. Ikinuka petroli, au ikiwa imepanda juu ya alama, imwage oili yote pamoja na chujio lake kabla ya kuendesha gari mbali, kwa kuwa oili iliyochanganyika na petroli hailindi tena bearingi. Rudia kuinusa baada ya wiki moja, asubuhi kabla ya kuwasha, na uandike katika daftari lile lile ulilolianza mwanzoni.